Mlipe Fundi, Usilipie Bomba la Pesti

Siku hizi fundi wa kompyuta wa Korogwe au Handeni akifungua mashine mbele ya mteja, hawezi kukwepa swali hili: unaweka pesti gani juu ya prosesa? Mteja amekwisha kuona video kwenye simu. Mpwa wake aliyeko Dar es Salaam amemwambia zile za kijivu za bei ya chini ni takataka, asikubali, adai MX-4 au ile ya Kijerumani yenye jina gumu kutamka. Fundi naye si mjinga. Mteja akitaja jina, bei inapanda yenyewe. Pesti inapakwa, mashine inawashwa, wanaagana kwa furaha.

Kwa maoni yangu mteja huyo amepigwa, na mara nyingi aliyempiga si fundi bali ni yeye mwenyewe. Kompyuta nyingi za maofisini, mashuleni na kwenye steshenari za miji hii miwili bado zinapoozwa na feni ile ile iliyotoka nazo kiwandani. Kwa mashine ya namna hiyo, jina la pesti ni jambo dogo kuliko yote yanayofanyika pale mezani, na ndilo tunalolilipia kuliko yote.

Nitaanza na fizikia kidogo. Prosesa ya kawaida ya ofisini, kwa mfano Core i5-6500, imepimwa wati 65. Hiyo ni zaidi kidogo ya globu ya zamani ya wati 60, ambayo wafugaji bado wanawawashia vifaranga, isipokuwa hapa joto lote linapita kwenye bati la upana wa sentimita 3 kwa 3 hivi. Juu ya bati hilo inalala hitisinki ya alumini, na juu ya hitisinki ipo feni. Ukiziangalia nyuso hizo mbili utaona zimekutana barabara. Ukweli ni kwamba zina mikwaruzo na mabonde madogo yasiyoonekana kwa macho, na mabonde hayo yamejaa hewa. Shaba hupitisha joto kwa kipimo cha karibu 400 (wati kwa mita kwa nyuzi), alumini zaidi ya 200, na hewa 0.026. Hapo ndipo pesti inapoingia: kazi yake ni kuifukuza hewa, basi.

Sasa tufanye hesabu ambayo mwanafunzi wa fizikia wa kidato cha sita ataimaliza nyuma ya daftari. Chukua pengo la milimita 0.05, eneo la sentimita 9 za mraba na joto la wati 65. Pengo hilo likiwa na hewa tupu, prosesa italazimika kuizidi hitisinki kwa karibu nyuzi 140 ili joto lipite. Mashine itajizima kabla ya kufika huko. Likijazwa pesti ya bei ya chini yenye kipimo cha 1.4, tofauti inashuka hadi nyuzi 2.6. Likijazwa pesti ya kutambia yenye kipimo cha 8, inakuwa nusu ya nyuzi. Kwa hiyo kutoka kwenye hewa hadi kwenye pesti yoyote ile umeokoa nyuzi zaidi ya 130, na kutoka kwenye pesti rahisi hadi ya ghali umeokoa nyuzi 2.

Mashine halisi haifuati daftari kwa unyoofu huo. Joto halitoki sawasawa kwenye bati zima. Hutoka zaidi pale katikati, juu ya kipande cha silikoni, kwa hiyo tofauti ya pesti na pesti inaweza kufika nyuzi 3, 4, hata 5. Haifiki 20. Ukiona mtu anaapa kwamba alibadilisha jina la pesti joto likashuka nyuzi 20, jua kwamba kilichoshusha joto ni kule kufungua, kusafisha na kufunga upya, na jina limepewa sifa isiyo yake.

Namba zilizoandikwa kwenye mabomba nazo zisikutishe. HY510 ya kijivu, iliyozagaa kila mahali, inatangazwa kuwa na kipimo cha 1.93. MX-4 ilitangazwa kwa 8.5. Kryonaut ya Wajerumani inatangazwa kwa 12.5. Kipo kiwango cha kimataifa cha kupimia vitu hivi, ASTM D5470, lakini hakuna anayemlazimisha muuza pesti kukifuata, kwa hiyo kila kiwanda kinajipimia kwa namna inayokipendeza. Ni namba za tangazo. Zinasaidia kutofautisha mbili na nane, hazisaidii kutofautisha nane na tisa.

Kinachoitesa kompyuta ya Korogwe ni Korogwe yenyewe. Feni ya kiwandani haina uwezo wa kuifanya prosesa iwe baridi kuliko hewa ya chumbani. Inachofanya ni kubeba joto la prosesa na kulimwaga kwenye hewa hiyo hiyo. Tuseme mashine yako ikifanya kazi kwa nguvu inapanda nyuzi 50 juu ya joto la chumba. Mchana wa Februari pale Manundu, chumba kikiwa na nyuzi 33, prosesa itasoma 83. Ibebe mashine hiyo hiyo, na pesti ile ile, hadi Mombo, upande nayo kona za mlima kilomita 33 mpaka Lushoto, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, uiwashe kwenye chumba chenye nyuzi 18. Itasoma 68. Nyuzi 15 zimepotea bila mtu kugusa hata skrubu. Hakuna bomba linalouzwa Kariakoo litakalokupa nyuzi 15.

Hatuwezi kuhamia Lushoto wote, najua. Lakini tunaweza kuangalia tumeiweka wapi mashine. Ingia steshenari yoyote iliyo karibu na stendi. Kompyuta imesukumwa chini ya meza, mgongo umeegemea ukuta, na ubavuni mwake kuna mashine ya fotokopi. Ile fotokopi ndani yake ina fyuza inayogandisha wino kwenye karatasi kwa joto la karibu nyuzi 200, na hewa ya moto inayotoka humo inavutwa moja kwa moja na feni ya kompyuta. Mwenye duka anasikia feni inalia kama inataka kupaa, anampigia fundi, wanaanza kujadili pesti. Kuisogeza kompyuta upande wa pili wa meza ni bure.

Handeni ina tatizo lake, nalo ni vumbi. Lami ya kutoka Korogwe, kilomita 65, imefika, na ya kutoka Mkata imefika, lakini ukiiacha barabara kuu pale Chanika ukaingia mitaani unakanyaga udongo mwekundu, na kiangazi udongo huo hauishi chini. Kila pikipiki inayopita inaurusha hadi kaunta. Feni ya prosesa haichagui. Inavuta hewa na kilichomo. Vumbi linapita kwenye mapanga ya feni na kunasa kwenye mapezi ya hitisinki yaliyo chini yake, mahali ambapo ukichungulia kwa juu huoni kitu, kwa sababu feni imefunika. Baada ya miaka michache kunajengeka tabaka nene, laini, la rangi ya matofali. Feni inazunguka kwa kasi yote, hewa haipiti.

Msimu wa maombi ya mikopo ya HESLB nilimtazama fundi mmoja kijana wa Manundu akiihudumia mashine ya aina hiyo ya mama mwenye steshenari, Dell OptiPlex 7010, moja ya zile zilizotumika maofisini Ulaya na kuletwa huku kuanza maisha ya pili. Foleni ilikuwa mlangoni: wahitimu wa kidato cha sita na vyeti vyao vya kuzaliwa, wazazi wameshika kadi za NIDA. Mashine ilikuwa inaganda kila ikifungua ukurasa wa pili.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Umekuja na ile pesti nzuri? Nimeambiwa ile ya kawaida haikai.”

“Kwanza niione mama. Pesti baadaye.”

Hilo jibu ndilo lililonifanya nivute kiti. Aliwasha programu ya bure ya kusoma joto, akamwonyesha mama namba: tisini na ushei, na foleni hata haijaanza kuhudumiwa. Akazima, akachomoa waya wa umeme, akatoka nayo nje kwenye kivuli. Akalegeza skrubu nne za hitisinki, si moja mpaka mwisho halafu nyingine, bali kila moja kidogo kidogo kwa kukatisha pembe. Alipoinua, pesti ya zamani ilikuwa imekauka, imepasuka, inadondoka vipande kama chaki. Akaifuta kwa pamba na spiriti mpaka bati likarudisha mng’ao, na maandishi ya Intel yakasomeka. Kisha akaitenganisha feni na hitisinki, akatoa lile tabaka la vumbi kwa brashi ya rangi, akalimalizia kwa blowa huku ameyashikilia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke. Hiyo ndiyo sehemu iliyochukua muda. Pesti yenyewe, ya kijivu, isiyo na jina la kutamba, aliiweka tone dogo katikati, akarudisha hitisinki, akakaza skrubu kwa pembe tena. Namba ikasoma sabini na kidogo, mashine ikiwa inafanya kazi. Foleni ikasogea.

Mama alitaka kujua ni pesti gani. Watu tuko hivyo. Tunataka kitu cha kushika. Kazi ya mkono haina boksi wala nembo, kwa hiyo tunaona uzito kuilipia, ila bomba lenye maandishi ya Kizungu tunalilipia bila kubisha. Na ule msemo wetu wa rahisi ghali umewanufaisha wauzaji kuliko wanunuzi.

Prosesa za mashine kama hiyo zina jambo jingine ambalo wateja wengi hawaambiwi. Core i5 za kizazi cha tatu, zilizotoka mwaka 2012, ziliwekewa pesti pia ndani, kati ya silikoni na lile bati la juu, badala ya lehemu iliyotumika kwenye kizazi kilichotangulia. Pesti hiyo ya ndani nayo imezeeka zaidi ya miaka kumi, na hakuna fundi wa kawaida atakayeifikia bila kuibandua prosesa yenyewe. Ukiweka juu pesti ya bei ya kuruka, joto bado lazima lipite kwanza kwenye ile ya ndani.

Je, basi kila pesti ni sawa? Hapana, na hapa namuunga mkono yule mpwa wa Dar es Salaam kwa nusu. Tofauti iliyo kubwa kati ya pesti na pesti iko kwenye miaka, si kwenye nyuzi. Pesti ni mafuta ya silikoni yaliyochanganywa na unga unaopitisha joto. Mashine ikipata moto na kupoa, ikipata moto na kupoa, pesti duni huanza kuachana: mafuta yanatambaa kwenda pembeni, unga unabaki umekauka katikati. Kwenye mji wenye joto, na kwenye mashine inayowashwa asubuhi na kuzimwa usiku siku sita za wiki, hilo hutokea mapema. Pesti nzuri hukaa miaka. Kwa hiyo ukiulizwa kwa nini ulipie zaidi, jibu la haki ni kwamba utakawia kuifungua tena mashine. Kwa kompyuta ya ofisi iliyoko Mkata au Kabuku, ambako fundi anafika kwa nauli yako, jibu hilo lina maana.

Ila hata hapo piga hesabu ya kiasi. Tabaka la milimita 0.05 kwenye eneo la sentimita 9 za mraba ni mililita 0.045. Hata ukiweka mara mbili ya hiyo, kwa kuwa mkono si mashine, bomba la gramu 4 linatosha kompyuta zaidi ya kumi. Fundi anayekutoza bei ya bomba zima kwa tone moja, halafu akaondoka na bomba mfukoni, amekuuzia pesti ya wateja wengine kumi. Ama akutoze tone, ama akuachie bomba. Ofisi yenye mashine nyingi inunue bomba lake na kulifungia kabatini.

Jingine ni uhalisi. Majina makubwa ndiyo yanayoghushiwa. Hakuna anayehangaika kughushi pesti ya bei ya chini, lakini MX-4 bandia zimekuwapo kiasi kwamba watengenezaji wenyewe wameweka namna ya kuhakiki bomba kwenye tovuti yao. Kuna mantiki ya kuchekesha hapa: kadiri unavyong’ang’ania jina, ndivyo unavyojiweka karibu na bandia. Chagua ya kati, iliyofungwa vizuri, isiyopitisha umeme, kutoka kwa muuzaji utakayempata tena kesho. Zaidi ya hapo unatafuta sifa.

Viko vitu visivyofaa kabisa, na viwili navitaja kwa sababu bado vinaonekana. Cha kwanza ni dawa ya meno. Inafanya kazi kwa siku chache, ndiyo maana inasifiwa. Ina maji, na maji yakiisha unabaki na gamba. Cha pili ni kile kinachoitwa metali ya maji, ambacho vijana wa magemu wamekiona mtandaoni. Namba zake ni za ajabu, zaidi ya 70. Lakini ndani yake kuna galiamu, na galiamu huila alumini na kuifanya ivunjike kama biskuti. Hitisinki nyingi za kiwandani ni za alumini. Zaidi ya hayo metali hiyo inapitisha umeme, na tone moja likimwagika kwenye madabodi, habari imeisha.

Mtu aliyenunua prosesa mpya ikiwa na feni yake boksini hana haja hata ya mjadala huu. Chini ya hitisinki atakuta pesti imekwisha kupakwa, kwa Intel mara nyingi ni mistari mitatu ya kijivu. Ile inatosha kwa kazi iliyokusudiwa. Nimesikia ushauri wa kuifuta na kupaka ya kununua. Ni kutafuta kazi.

Anachopaswa kuangalia huyo ni namna feni inavyokaa. Tangu mwaka 2004 Intel wamekuwa wakiifunga feni yao kwa pini nne za plastiki zinazosukumwa hadi zilie. Pini hizo ni chanzo cha taabu nyingi. Tatu zikishika na ya nne ikabaki inaning’inia, hitisinki inainuka upande mmoja, na kwenye upande huo tumerudi kwenye hewa na ile hesabu ya nyuzi 140. Hakuna pesti duniani ya kuziba kosa hilo. Sukuma pini mbili zinazotazamana kwa pembe, kisha mbili nyingine, halafu geuza madabodi uone kwa macho kwamba zote nne zimetokeza nyuma.

Wenye mashine za AMD za soketi ya AM4 wana hatari yao. Pini ziko chini ya prosesa, na pesti iliyokauka inaishika hitisinki kama gundi. Ukiivuta kwenda juu kwa nguvu, prosesa inakuja nayo na pini zinapinda. Washa mashine dakika chache ipate moto, izime, chomoa umeme, zungusha hitisinki taratibu kushoto na kulia mpaka iachie, ndipo uinue. Fundi anayejua hivyo anastahili pesa kuliko anayejua majina ya pesti kumi.

Na pesa hiyo tuitaje wazi. Ningependa mafundi wetu waache kuficha ujira wao ndani ya bei ya bomba. Andika: kufungua, kusafisha na kufunga, kiasi fulani; pesti, kiasi fulani. Kisha andika joto la mashine kabla na joto baada, ikiwa inafanya kazi ile ile. Programu za kusoma joto ni za bure na hazichukui dakika tano. Mteja naye adai namba hizo mbili kabla ya kudai jina. Prosesa za Intel za miaka hii huanza kujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 100, kwa hiyo mashine iliyosoma 95 ikashuka hadi 72 imepona, iwe imepakwa ya kijivu au ya Kijerumani. Iliyopakwa ya Kijerumani ikabaki 93 haijatengenezwa, na mwenye nayo arudi kwa fundi akiwa na risiti mkononi.

Wakuu wa shule wenye vyumba vya kompyuta, kuanzia Mombo hadi Mkata, nanyi mnahusika. Mashine zenu hazihitaji bajeti ya pesti. Zinahitaji siku mbili za likizo ya Desemba, brashi, spiriti, bomba moja la pesti na fundi aliyelipwa kwa kazi yake, kabla wanafunzi hawajarudi kwenye joto la Januari.